Sikio la bibi kizee

Shikomeni, penye moto wa jioni, wazee wa Kisukuma wamemsimulia Shing'weng'we kwa vizazi. Zimwi hilo linameza watu na ng'ombe wao. Anasalia mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, anaua mdudu, kisha ndege, kisha mnyama, kila mara akiuliza: ndiye huyu aliyemla baba? Mwishowe analiua zimwi lenyewe na kulipasua tumbo. Watu wanatoka hai. Lakini kisu kimekata sikio la bibi kizee, naye anatoka na hasira juu ya aliyemwokoa.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba riwaya za ulimwengu wa kubuni ni mambo ya Wazungu, hazifai kwa vijana wa Bariadi. Sikio lile ni swali zito: ukombozi ukimwacha mtu na jeraha, nani wa kulilipia? Mwaka 1979 Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, aliliuliza kwa njia yake katika Kindred. Mwanamke wa California ya 1976 anavutwa hadi Maryland ya enzi ya utumwa, na anaporudi mara ya mwisho mkono wake wa kushoto unabaki huko. Aliyelelewa na Shing'weng'we haoni ugeni hapo.

Wala si lazima tuanzie ng'ambo ya bahari. Ukivuka ziwa kutoka Busega unafika Ukerewe, alikozaliwa mwandishi Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni riwaya zake fupi mno, na ni ngumu kweli; mwalimu anayezikwepa simlaumu. Kijana aliyezoea riwaya nyepesi kama Takadini atapotea akiachwa peke yake. Basi asiachwe. Darasa lianze na hadithi ya bibi yao, kwa Kisukuma ikibidi, wabishane kama yule kizee alikuwa na haki ya kukasirika, ndipo wafungue Nagona. Butler naye afasiriwe vizuri, maana Kiingereza kinawafungia wengi mlango.

Mtoto wa Meatu anaujua ukame, anaijua pamba iliyonyauka kabla ya kutoa maua. Kila mwaka wakubwa humwambia mvua itakuwaje. Mimi natamani kusoma mvua atakayoibuni yeye, ya mwaka 2090, na kujua ni nani atakayetoka humo bila sikio.