Mama, Kazi Yangu Ni Shaba

Kwenye kipindi cha wiki hii niliulizwa nafanya kazi gani. Nikasema "kemia," nikabadilisha mada. Mama alisikiliza. Jioni akapiga simu: "Mwanangu, miaka yote ile ya kusoma, neno moja tu?"

Haya mama, jibu lako hili hapa.

Natengeneza molekyuli zinazotoa mwanga, kama zile za skrini za OLED. Umeme ukiingia, katika kila molekyuli nne zinazochangamka, kwa wastani moja tu ndiyo ina ruhusa ya kuwaka upesi. Tatu zinakwama, na nishati yake inaishia kuwa joto. Metali nzito huzikwamua, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 tumetegemea sana iridiamu, ambayo ni adimu na ghali mno.

Shaba ni rahisi na ipo tele, lakini haitulii. Ikichangamka inajikunja, umbo linabadilika, mwanga unapotea. Kwa hiyo tunaibana: upande mmoja kabeni, ligandi ya kaboni iliyozungukwa na vikundi vinene, upande wa pili amaidi. Shaba inakaa katikati, kwenye mstari ulionyooka, kama mtoto kati ya mashangazi wawili kwenye daladala. Hana pa kujigeuza. Na kumbe hapo joto la kawaida la chumbani linatosha kuzisukuma zile tatu zilizokwama, nazo zikawaka.

Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge na East Anglia walionyesha taa za aina hii, za dhahabu na za shaba. Mwaka 2019 kundi la Mark Thompson, University of Southern California, lilichapisha molekyuli ya shaba iliyofikia zaidi ya asilimia 99: karibu kila fotoni iliyomezwa ilirudi kama mwanga.

Najua utauliza: basi shaba ya Kongo itapanda bei? Hapana mama. Skrini inahitaji chembe tu.

Bado bluu inatutesa. Nishati yake ni kubwa, inaziharibu molekyuli zenyewe. Yangu ya Jumanne ilizimika kabla sijamaliza chai.

Na kukwepa lile swali? Nilidhani sina Kiswahili cha kulijibu. Kumbe kukwama, kubana na kuwaka ulinifundisha wewe, jikoni. Nipigie Jumapili, nikueleze bluu.