Gladiator: Stelingi anakufa, lakini Roma haiponi

Waliokulia Eastleigh, Pumwani na Mathare wanaikumbuka vyema sheria ya banda la video: stelingi hafi. Atapigwa, ataangushwa kutoka ghorofani, atatupwa mtoni akiwa amefungwa kamba, lakini mwisho wa picha yeye ndiye atakayesimama na adui ndiye atakayelala chini. Aliyelipa kiingilio na kubanana na wenzake kwenye benchi alijua kwamba hatapunjwa.

Mwaka wa 2000 ilitoka sinema iliyoivunja sheria hiyo, na watazamaji hawakulalamika. Sinema hiyo ni Gladiator, iliyoelekezwa na Mwingereza Ridley Scott. Kwa kuwa sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 2024, inafaa tuipime ile ya kwanza, uzuri wake na kasoro zake.

Kisa kinaanza mwaka wa 180 baada ya Kristo. Kaisari mzee, Marcus Aurelius, anamwamini jemadari wake Maximus (Russell Crowe) kuliko mwanawe wa kumzaa, Commodus (Joaquin Phoenix). Anataka jemadari huyo aurudishe utawala mikononi mwa Seneti. Commodus anapopata habari, anamkaba babake pumzi huku amemkumbatia, kisha anaamuru Maximus auawe pamoja na mkewe na mtoto wao. Maximus anaponyoka, lakini anafika nyumbani akiwa amechelewa. Anaokotwa na wafanyabiashara wa watumwa, anauzwa Afrika Kaskazini, na huko anafundishwa kupigana hadi kufa mbele ya watu wanaoshangilia. Safari yake inamfikisha Roma, katika uwanja wa Colosseum, mbele ya yule yule aliyemwangamiza.

Tuanze na uzuri. Sinema hii inaijua huzuni. Maximus hataki kiti cha enzi, anataka kurudi kwake shambani, na ule mkono wake unaopapasa masuke ya nafaka unaeleza zaidi ya hotuba. Yeyote aliyeacha mashambani akaja kutafuta riziki mjini ataelewa bila kufafanuliwa.

Uigizaji nao ni wa hali ya juu. Crowe alituzwa Oscar mwaka wa 2001, na sinema yenyewe ikapata tuzo tano, pamoja na ile ya sinema bora. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayeibeba kazi hii ni Phoenix. Adui wake si jitu la kutisha tu, bali ni mtoto aliyekomaa mwili akiwa bado ana njaa ya kupendwa na babake. Wazazi, hapo pana la kuzungumza na vijana wenu.

Na ukiona vyaelea, vimeundwa. Colosseum tunayoiona ilijengwa sehemu yake ya chini tu, kisiwani Malta, na ngazi za juu zikamaliziwa kwa kompyuta. Mwigizaji Oliver Reed, aliyeigiza kama Proximo, mmiliki wa wapiganaji, alifariki mwaka wa 1999 kabla ya kumaliza kazi, na uso wake ukapachikwa kwa kompyuta katika sehemu zilizobaki.

Sasa kasoro. Ile ndogo itawachekesha wanafunzi: katika pambano la kwanza la Colosseum, gari la farasi linapopinduka, tazama nyuma yake. Utaona mtungi wa gesi!

Kasoro ya pili ni Afrika yenyewe. Juba, rafiki wa Maximus, ameigizwa vizuri sana na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, lakini bara letu limefanywa vumbi na soko la watumwa tu. Ukweli ni kwamba Roma ilifukiza mahekalu yake kwa ubani, na sehemu ya ubani huo ilitoka pwani ya Usomali, pwani ile ile ambako wazee wa wafanyabiashara wengi wa Eastleigh walitoka. Tena, mwaka wa 193 kiti cha Roma kilichukuliwa na Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Sinema haikutuandaa hata kidogo kufikiri kwamba jambo kama hilo lingewezekana.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, nayo iko mwishoni. Maximus anamuua Commodus uwanjani, kisha anakata roho akiagiza utawala urudishwe kwa Seneti. Tunafuta machozi, tunaamini kwamba Roma imepona.

Historia haisemi hivyo. Commodus hakutawala kwa muda mfupi kama sinema inavyotufanya tudhani. Alitawala peke yake miaka 12. Ni kweli alipenda kupigana uwanjani, na mwanahistoria Cassius Dio, aliyekuwa seneta wakati huo, aliandika kwamba kaisari huyo aliua viboko, ndovu, vifaru na hata twiga mbele ya umati. Alikufa tarehe 31 Desemba 192, akinyongwa na mwanamieleka aitwaye Narcissus baada ya watu wa nyumba yake mwenyewe kula njama. Aliyemrithi, Pertinax, hakumaliza miezi mitatu kabla ya kuuawa na askari walinzi. Halafu askari hao wakakinadi kiti cha enzi, akakipata Didius Julianus aliyeahidi fedha nyingi zaidi. Naye hakufikisha miezi mitatu. Seneti haikurudishiwa utawala wake.

Wanafunzi waliosoma tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, iliyotoka mwaka wa 1963, wanalijua somo hili. Brutus na wenzake waliua mtu mmoja, wakadhani wamemaliza udikteta. Walichopata ni vita, na baadaye kaisari mwingine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nasi tuna mazoea ya kumngoja stelingi. Kila msimu wa uchaguzi anatafutwa shujaa mmoja atakayemwangusha adui, na watu wachache sana huuliza ni nani atakayewazuia walinzi wasikinadi kiti kesho yake.

Je, itazameni? Naam, itazameni, ingawa watoto wadogo walale kwanza, kwa maana damu ni nyingi na kifo cha mke na mtoto wa Maximus kinaumiza. Wenye watoto wa sekondari, kaeni nao muda wote, zaidi ya saa mbili na nusu. Juba anapofukia vile visanamu mchangani, msizime runinga mkaenda kulala. Waulizeni vijana wanadhani Roma iliamkaje asubuhi iliyofuata, kisha muwasimulie habari za ule mnada.