Kuku wa nyama Didia: ndoo kwanza, vimeng'enya baadaye

Mfugaji wa kuku wa nyama Didia hana shida kubwa ya soko. Shinyanga mjini ni karibu, na upande wa pili barabara ya Tinde inampeleka Kahama na kwenye ukanda wa migodi hadi Geita. Kinachomuumiza ni chakula, ambacho kwa kawaida hubeba asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote za kufuga broila.

Ndiyo maana anasikiliza anapoambiwa achachushe nafaka au aongeze vimeng'enya kwenye chakula. Vyote viwili vinafanya kazi, ila sio kwa kila mtu.

Hesabu iko hivi

Kuku wa kilo 2 aliyekula kilo 1.8 za chakula kwa kila kilo ya uzito amekula kilo 3.6. Kuku 100 ni kilo 360, mifuko 7 ya kilo 50 na kidogo juu. Chakula kikiwa hafifu, akahitaji kilo 2.2 kwa kila kilo ya uzito, wale 100 watakula kilo 440. Hizo kilo 80 za ziada ni zaidi ya mfuko mmoja na nusu. Kwa mfugaji mdogo, hapo faida imeshaondoka.

Ndoo inafanya nini

Kuchachusha ni jambo tunalolijua kwenye togwa. Nafaka iliyoparazwa inalowekwa kwenye maji safi, inafunikwa, inakaa siku moja hadi mbili. Bakteria wazuri wanatengeneza asidi, na asidi hiyo inawabana wadudu wa kuharisha kama salmonela. Kwa mtama mwekundu kuna faida nyingine: tanini, ile kitu inayouma ulimi na kuzuia protini isisagike tumboni, inapungua kiasi.

Lakini ndoo haitengenezi protini ya maana. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9, wakati kifaranga wa broila anahitaji chakula chenye asilimia 21 hadi 23. Pengo hilo linazibwa na dagaa, soya na mashudu ya alizeti. Mashudu ya pamba yapo mengi kwetu, ila yana gosipoli, sumu inayodumaza kuku akizidishiwa.

Vimeng'enya ni vya nani

Kiasi cha theluthi mbili ya fosforasi iliyo kwenye nafaka imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa faiteti. Tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri. Kimeng'enya cha faitesi kinaifungua, na viwanda vya chakula cha mifugo duniani vimekuwa vikikitumia tangu miaka ya 1990.

Faida yake kubwa iko kwenye kupunguza unga wa mifupa au DCP, kwa sababu kuku sasa anapata fosforasi kutoka kwenye nafaka yenyewe. Ukiongeza faitesi huku DCP ukiiacha vilevile, sehemu kubwa ya hela yako haitarudi. Tena kinawekwa kiasi kidogo sana kwa tani nzima. Kwa koleo na turubai, kuku mmoja atapata nyingi na mwingine atakosa kabisa.

Kwa hiyo hicho ni kifaa cha mchanganyaji mwenye mashine, fomula na mizani ya gramu. Na kama unanunua chakula cha kiwandani au konsentreti, soma lebo kwanza. Huenda vimeng'enya vimo tayari, na utakuwa unalipia mara mbili.

Kisichoondoka kwa kuloweka

Sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hii ya fangasi iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoharibika. Kwa kuku inapiga ini, inashusha kinga na kudumaza ukuaji. Kuchachusha hakuiondoi kwa uhakika, na faitesi haigusi kabisa. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa mtu, na hayafai kwa broila pia.

Uanzie wapi

Hela ya kwanza iende kwenye nafaka kavu na safi. Ya pili iende kwenye protini. Baada ya hapo jaribu ndoo: anza na sehemu ndogo ya mlo, wape kiasi cha kumalizika ndani ya saa chache, na ikinuka uozo au ikiota ukungu, mwaga.

Vimeng'enya viulizwe kwa anayekuchanganyia chakula. Sheria ya malisho na vyakula vya mifugo ipo tangu 2010, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, hupima ubora wa vyakula hivyo. Wafugaji kumi wa Didia wakichanga gharama ya kupima sampuli moja ya chakula wanachonunua wote, watajua zaidi kuliko yule anayenunua chupa peke yake akisubiri miujiza.