Kilimia Hakikuja na Merikebu

Hotuba yenyewe mmeisikia. Ilitolewa Singida mjini, mtu akairekodi, na tangu hapo inazunguka kwenye simu kutoka Manyoni hadi Kiomboi. Kwa dakika arobaini msemaji anatueleza kwamba makundi ya nyota ni kazi ya Wagiriki iliyothibitishwa na sayansi, na kwamba huku kwetu watu walikuwa wakilala mapema. Nimeisikiliza mara tatu, kalamu mkononi. Ana sauti nzuri, na tarehe zake nyingi ni sahihi. Hoja zake ndizo zenye matundu. Nitazitaja kama alivyozitaja yeye, bila kuzipunguza uzito. Hukumu ni yenu.

Anaanza na Ptolemayo, aliyeorodhesha makundi 48 huko Aleksandria katika karne ya 2, na hapohapo anahitimisha kwamba aliyeorodhesha ndiye aliyebuni. Orodha ipo, sibishi. Lakini karani akiandika majina ya wakazi wa kijiji hajawazaa. Ng'ombe, Simba na Nge walikuwa wamekwisha kuandikwa kwenye vibao vya udongo vya Babeli karne nyingi kabla ya Ptolemayo. Baadaye kazi yake ikapita mikononi mwa Waarabu na Waajemi. Al-Sufi alitoa kitabu chake cha nyota mwaka 964, na majina yakarudi Ulaya yakiwa yamevaa kanzu. Msemaji anapotamka Rigel kwa lafudhi ya Kizungu, anatamka rijl, yaani mguu. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Ikiwa kupokea majina ni dalili ya ujinga, basi Wagiriki na Wazungu wamo kwenye foleni ileile, nao wamesimama mbele yetu.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyopigiwa makofi: kwamba wahenga wetu hawakuzipa nyota majina, na kwamba hata Kilimia ni neno la Waarabu lililopanda na misafara ya kwenda Tabora. Tulipime. Kundi hilo dogo la nyota zilizosongamana Waarabu wanaliita Thuraya, jina wanalopewa pia mabinti. Kati ya Thuraya na Kilimia hakuna hata herufi za kupatanisha. Kilimia kimetoka katika kitenzi ambacho mtoto yeyote wa Mkalama anakijua kabla hajaanza shule: kulima. Na ushahidi haukomei Pwani. Wazulu na Waxhosa wanaziita nyota hizohizo isilimela. Wasotho wanaziita selemela. Mzizi ni uleule, nyota ni zilezile. Sasa atuambie, ni msafara gani wa Bagamoyo uliofika kwa Wasotho kuwauzia neno? Jina lililotapakaa namna hiyo katika lugha za Kibantu ni mali ya lugha hizo, nalo lina umri mkubwa kuliko njia ya Tabora.

Hapa sikilizeni kwa makini, maana hotuba inajipiga mwereka. Mwanzoni alisema wahenga hawakuwa na majina ya nyota. Kuelekea mwisho anasema majina waliyokuwa nayo yalikuwa ya kilimo tu, si elimu. Moja kati ya kauli hizo lazima iondoke ukumbini. Yasiyokuwepo hayawezi kuwa ya kilimo.

Tumwachie achague ile ya pili, iliyo imara kidogo. Anadai kwamba Mgiriki alitazama juu akaona hadithi na hesabu, na sisi tukaona jembe. Basi amfungue Hesiodo, Mgiriki wa yapata mwaka 700 kabla ya Kristo. Katika utenzi wake wa kazi na siku anamwagiza mkulima avune nyota hizihizi zinapochomoza na apige plau zinapozama, tena anataja kwamba hufichika siku arobaini. Kumbe Mgiriki naye aliona jembe! Tofauti ni kwamba lake tunaliita fasihi ya kale, na letu tunaliita kilimo tu.

Nenda mwenyewe nje ya mji, mahali ambapo taa hazifiki, ulipime jambo hili kwa macho. Karibu na tarehe 20 Novemba, jua linapozama magharibi, Kilimia kinachomoza upande wa kaskazini-mashariki na kubaki juu usiku kucha. Ndio wakati mkoa huu, wenye msimu mmoja tu wa mvua, unapongojea mawingu ya kwanza na mashamba ya mtama na alizeti yanapotayarishwa. Katikati ya Mei Kilimia kiko pamoja na jua, hakionekani; mvua zimekwisha na mavuno yanaingia. Juni kinarudi alfajiri, kwenye baridi na upepo mkavu. Kalenda hii haihitaji karatasi wala betri. Sisemi inashinda utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana nyota haijui kama mwaka huu mvua itachelewa wiki tatu. Inajua mwaka umefika wapi, na hicho ndicho kilichodaiwa kwamba watu hawakukijua.

Wako waliomjibu msemaji kwa kudai kwamba Wagiriki walituibia nyota zetu. Hao nao hawana ushahidi, siwatetei. Vilevile yupo aliyewataja Wahadzabe, ambao hucheza ngoma yao ya epeme usiku usio na mwezi. Ni kweli wanacheza hivyo, na anayefuata giza la mwezi hawezi kuwa mtu asiyetazama juu. Lakini huo ni ushahidi wa kutazama mwezi, si wa kuyapa makundi ya nyota majina. Tusijaze mizani kwa mawe.

Turudi kwa msemaji. Anasema makundi 88 yamegunduliwa na sayansi, kwa hiyo hayana mjadala. Neno gumu hapo ni yamegunduliwa. Mwaka 1751 na 1752 Mfaransa Lacaille alikuwa Rasi ya Tumaini Jema akipima nyota za kusini, kazi ngumu na ya heshima. Kisha akabuni makundi 14 mapya. Yamo tanuri, saa, darubini, hadubini na pampu ya hewa. Je, pampu ya hewa iligunduliwa angani? Alimkuta nani anaisukuma? Akaongeza na Mlima Meza wa Cape Town, kisha merikebu kubwa ya Ptolemayo, Argo, akaikata vipande vitatu: shetri, mkuku na tanga. Mwaka 1799 Mfaransa mwingine, Lalande, alimpandisha paka mbinguni. Paka huyo hayumo tena kwenye orodha. Idadi ya 88 ilipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1922, na mipaka iliyochorwa na Delporte wa Ubelgiji ikatoka mwaka 1930. Ni kama mipaka ya wilaya: ina manufaa, inazuia ugomvi, na ilichorwa mezani. Nyota ni ugunduzi. Kundi ni mapatano ya watu.

Tena mapatano yenyewe yalifanywa na watu waliosimama mahali fulani. Msemaji anadai picha za Kigiriki zinamfaa kila mtu chini ya jua. Amtafute Orioni, yule jitu mwindaji, kutoka hapa tulipo, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Ulaya anaonekana amesimama wima. Singida huchomoza amelala ubavu, hupita karibu na utosi wetu, na huzama amelala ubavu wa pili. Jitu lisilosimama hata mara moja! Na ile nyota ya kaskazini anayotuhimiza tuifuate tukipotea, kwetu iko chini ya upeo wa macho usiku wote, mwaka mzima. Atakayemtii ataifuata mpaka avuke ikweta.

Kuhusu dai kwamba Kiswahili kinazijua nyota kwa ramli tu, nitasema kidogo. Ndiyo, Hamali, Mizani na Akarabu tumezizoea kwenye kurasa za unajimu, na jina la Sheikh Yahya Hussein halijasahaulika. Lakini buruji hizo 12 ndizo zilezile za Babeli na za Ptolemayo anayemsifu, zilizotufikia kwa Kiarabu. Hawezi kuziita elimu zikiwa Athene na ramli zikishuka Dar es Salaam.

Imebaki hoja yake ya mwisho, kwamba orodha imefungwa na hakuna jina la Kiafrika litakalopokelewa. Mwaka 2017 umoja uleule ulipitisha jina Xamidimura, la Wakhoikhoi, macho ya simba, kwa nyota iliyo katika mkia wa Nge. Mwaka 2019 Ethiopia ikapata nyota Buna, yaani kahawa, na sayari yake Abol. Kenya ilitoa maneno ya Kijaluo: nyota ikaitwa Kalausi, kimbunga, na sayari inayoizunguka ikaitwa Buru, vumbi. Kalausi imo ndani ya kundi la Tanga, kile kipande cha merikebu ya Wagiriki alichokikata Lacaille.