Kumkalisha Mzee Si Kumtunza

Kipimo cha presha kikisoma 160 kwa 100, nyumba nzima hubadilika. Jembe linafichwa, safari ya sokoni anapewa mjukuu, na bibi aliyezoea kupalilia mihogo alfajiri anaketishwa mbele ya televisheni. "Mama ana presha, apumzike," wanasema wanawe, na majirani wanawasifu kwa kumtunza.

Kumtunza gani huku? Ni kweli presha hupanda mtu anapotembea, na hilo ndilo linalowatisha wengi. Lakini akitulia hushuka, mara nyingi chini ya ilipoanzia. Mwenye presha akizoea mwendo wa haraka, kipimo chake cha juu kinaweza kupungua kwa pointi 5 hadi 8. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halikuwatoa wagonjwa wa presha: wenye miaka 65 na zaidi wanashauriwa mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye mashine. Mzee aliyenyang'anywa shamba, soko na soga za njiani huanza kununa, kukosa usingizi, kusukuma sahani pembeni. "Uzee huo," husema familia, kisha inamwongezea mapumziko! Huenda ni sonona, na mojawapo ya tiba zake ni mwendo uleule aliokatazwa. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 156 wa sonona wenye miaka 50 na kuendelea. Baadhi walimeza sertraline, dawa ya sonona, baadhi walifanya mazoezi mara 3 kwa wiki, wengine vyote viwili. Dawa ilitangulia kuleta nafuu, lakini baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yanakaribiana. Miezi 6 baadaye, waliopona kwa mazoezi pekee walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko wenzao wa vidonge. Hawakuteuliwa kwa sababu ya presha, lakini umri wao na huzuni yao vinafahamika katika nyumba nyingi.

Wapo wa kuzuiwa kwanza. Mwenye 180 kwa 110, au anayebanwa na kifua, amwone daktari kabla ya lolote. Na kutembea hakumruhusu mtu kuacha vidonge vya presha. Daktari akisharidhia, anayebaki kumzuia mzee ni mwanawe. Huyo naye aulizwe ushahidi wake uko wapi.