Mji wa Kale Uliojengwa Upya

Mwezi huu twendeni Warsaw, mji mkuu wa Polandi, tukautazame mtaa uitwao Mji wa Kale, ulio juu ya ukingo wa mto Vistula.

Mgeni hufika kwanza kwenye uwanja wa Jumba la Kifalme. Hapo pana nguzo ndefu, na juu yake sanamu ya mfalme Sigismund wa Tatu, ameshika msalaba na upanga. Nguzo hiyo ilisimamishwa mwaka 1644, ikaangushwa vitani mwaka 1944, ikasimamishwa tena mwaka 1949. Vipande vya nguzo za zamani vimelazwa kando ya jumba, kila mtu apate kuviona.

Kisha hupita njia nyembamba za mawe hata uwanja wa soko. Nyumba ndefu za rangi nyingi zimebanana pande zote nne, na katikati yupo nguva aliyeinua upanga, ndiye alama ya mji. Mgeni husema, “Hakika hizi ni nyumba za mababu!” Kumbe nyingi zilijengwa kati ya mwaka 1949 na 1953.

Maana mwaka 1944 wenyeji waliwaondokea Wajerumani waliowatawala, wakapigana siku 63, wakashindwa. Mtaa huu ukabomolewa zaidi ya sehemu 8 katika 10.

Je, waliujuaje umbo lake? Kabla ya hapo walimu na wanafunzi wa ujenzi walikuwa wamezipima nyumba na kuzichora. Michoro hiyo ilifichwa katika monasteri mjini Piotrków hata vita vikaisha. Tena zilikuwapo picha za Bernardo Bellotto, fundi wa Venice, aliyeichora mitaa ya Warsaw katika karne ya 18. Jumba la Kifalme lenyewe lilichelewa, likafunguliwa mwaka 1984.

Wako wasemao kwamba kuuita mji huu wa kale ni uongo. Nami nasema, matofali mengi ni mapya, walakini kumbukumbu ni ya kale. Waliokufa hawakurudi, ila watoto wao waliupata mlango wa babu mahali pake.

Wazee walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, wazazi wapenzi, je, habari za nyumba zenu zimeandikwa wapi? Anzeni jioni hii, wazee wangalipo.