Mcheza Kamari Naye Anahesabu

Nimechoka na mcheza kamari wa hadithi zetu. Tunamjua kabla hajafungua mdomo: mvivu, mlevi, anauza kitanda cha mkewe, na ukurasa wa mwisho anaokoka au anajinyonga. Hapewi hata sentensi moja ya kufikiri. Mwandishi anamtaka awe fundisho tu.

Mimi naripoti habari hapa Mwanza. Kirumba na Mabatini, vijana wanaobeti hawaongelei bahati. Mkeka ukichanika wanabishana kuhusu mbinu, kwa namba. Hadithi isiyoijua hesabu hiyo haiwezi kuwashika, sembuse kuwaonya.

Hebu tuchukue mashindano ya blackjack, karata za ishirini na moja. Kila mshiriki anaanza na chipu sawa, raundi zina idadi maalumu, mwenye chipu nyingi mwishoni ndiye mshindi. Sasa ni raundi ya mwisho, mmebaki wawili. Jirani ana 1,000, wewe 900. Anatangulia kuweka, anaweka 300. Ufanyeje? Shujaa wa hadithi zetu angeweka zote huku anamwomba Mungu. Anayejua mchezo anaweka 150. Mkishinda wote, jirani atakuzidi, sawa. Lakini mgawaji hushinda mara nyingi kuliko mchezaji, na akiwapiga wote wawili, jirani anabaki na 700, wewe 750. Umepoteza raundi, umetwaa mashindano.

Hapo kuna riwaya nzima, jamani: hofu, subira, kumsoma mtu aliye pembeni yako. Ni akili ileile ya wazee wa bao na drafti.

Ila mbinu ile inafanya kazi kwa sababu unapambana na jirani anayeweza kukosea. Dubwi halikosei. Limepangwa lirudishe pungufu kuliko linachomeza, na ukikaa nalo muda mrefu linakumaliza. Kijana anayepeleka mbinu kwa dubwi si mjinga. Amebeba silaha ya vita vingine. Huo ndio msiba, na hatuuandiki.

Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, hakuogopa kumpa Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) kichwa kinachofikiri mpaka kikamwangamiza. Sisi tuliokuja baada yake tunaandika mahubiri. Kijana akisoma kurasa mbili anagundua kwamba mwandishi hajui hata sheria za mchezo anaoulaani. Anafunga kitabu, anarudi kwenye mashine.

Waandishi wenzangu, jifunzeni kwanza mchezo unavyochezwa. Hukumu ije baadaye, kama bado mtaihitaji.